Roketi za Ngomeni na Galaksi Zisizotulia

Weka rula juu ya ramani ya Afrika Mashariki, ncha moja ikae Rulenge, wilayani Ngara nchini Tanzania, kisha chora mstari kwenda mashariki bila kuupinda. Utakata Ziwa Victoria jirani na Mwanza, utapita nyanda za Serengeti, utagusa Amboseli, na utatokea Bahari ya Hindi kaskazini ya Malindi, karibu na kijiji cha wavuvi kiitwacho Ngomeni. Ni safari ya zaidi ya kilomita elfu moja, lakini Rulenge na Ngomeni ziko karibu sawa kutoka ikweta, nyuzi zinazokaribia tatu upande wa kusini. Nimefundisha fizikia huku Ngara kwa miaka mingi, na nikifika kwenye mada ya mawimbi, mstari huu ndio ninaotangulia kuuchora ubaoni.

Watoto wetu wanaijua historia iliyopita kaskazini ya Rulenge kwa sababu wazazi wao waliiona kwa macho: mto Kagera, daraja la Rusumo, na ile Aprili ya 1994 ambapo watu zaidi ya laki mbili walivuka kutoka Rwanda kwa muda wa siku moja hivi na kujaza mabonde ya Benaco. Historia iliyopita upande wa mashariki, kwenye latitudo hiyohiyo, hawajaambiwa. Wakisikia habari za mashimo meusi na galaksi za mbali wanaona ni mambo ya Marekani na Ulaya, yaliyoanza huko na kuishia huko. Mimi nasema sura kubwa ya historia hiyo ilifunguliwa baharini hapa kwetu, na mtoto wa Rulenge ana haki ya kuijua kama anavyojua tarehe za vita vya Majimaji.

Eksirei kwetu ni jambo la hospitali. Mtu ameanguka na baiskeli kwenye mteremko, mkono umevimba, anapigwa picha ili mfupa uonekane. Ni miale ya jamii moja na mwanga, ila ina nguvu kubwa zaidi. Angani nako iko tele, lakini hewa iliyo juu yetu huimeza yote kabla haijagusa ardhi. Hilo ni salama kwa viumbe hai na ni kikwazo kwa wanajimu, kwa kuwa hata ukipanda Kilimanjaro na chombo bora kuliko vyote hutapata kitu. Ni lazima utoke nje ya hewa yenyewe.

Tarehe 18 Juni 1962 kundi la Riccardo Giacconi, Mwitaliano aliyekuwa akifanya kazi Marekani, lilirusha roketi ndogo kutoka jangwa la New Mexico. Walitaka kujua kama Mwezi unatoa eksirei. Roketi ilikaa juu dakika chache tu ikaanguka, na katika dakika hizo vipimo vyake vilikuta chanzo kikali mno upande wa kundi la nyota la Nge, mbali sana na Mwezi. Kikapewa jina Scorpius X-1. Kwa miaka minane iliyofuata elimu hii iliishi kwa dakika za namna hiyo: roketi inapanda, inachungulia, inashuka. Mwaka 1966 Wamarekani wengine walitangaza eksirei kutoka galaksi ya M87, nje kabisa ya galaksi yetu. Lakini dakika tano za kuchungulia haziwezi kukuambia kama kitu kinabadilika. Ili ujue mtu ana homa ya vipindi ni lazima ukae naye.

Hapo ndipo Ngomeni inaingia.

Italia ilikuwa na mhandisi mmoja mwenye ndoto kubwa, Luigi Broglio. Aliona kwamba nchi yake, isiyo na eneo pana la kurushia roketi, ingeweza kuweka kituo baharini, na kwamba mahali panapofaa kuliko pote ni karibu na ikweta. Hesabu yake ni rahisi na nawapa wanafunzi waifanye wenyewe. Dunia ina mzingo wa kilomita zipatazo 40,000 kwenye ikweta na inajizungusha mara moja kwa siku, kwa hiyo kila kitu kilichosimama hapo tayari kinakwenda mashariki kwa kilomita zipatazo 1,670 kwa saa. Roketi inayorushwa kuelekea mashariki huipata kasi hiyo bure. Tena mbele yake ni bahari tupu, hivyo vipande vinavyoachwa njiani haviangukii paa la mtu. Faida ya tatu ndiyo iliyowavutia watu wa eksirei: setilaiti inayozunguka sambamba na ikweta, kwa kimo cha chini, hukwepa sehemu kubwa ya chembechembe za umeme zilizonaswa na usumaku wa Dunia, zile ambazo hupiga vipimo na kuvifanya viripoti miale isiyokuwepo.

Basi majukwaa mawili ya chuma, San Marco na Santa Rita, yakasimamishwa kwa miguu juu ya sakafu ya bahari mbele ya Ngomeni. Roketi zilikuwa za Marekani, aina ya Scout. Ya kwanza kuruka kutoka hapo ilikuwa tarehe 26 Aprili 1967, ikibeba setilaiti ya Kiitaliano San Marco 2. Hadi ya mwisho, tarehe 25 Machi 1988, setilaiti tisa zilipelekwa angani kutoka maji ya Kenya. Watu wengi wa kanda hii wanaposikia habari hiyo mara ya kwanza huuliza kama ni kweli. Ni kweli, na majukwaa yenyewe yanaonekana kutoka ufukweni.

Ya pili kati ya hizo tisa ndiyo iliyobadilisha elimu ya anga. Iliruka tarehe 12 Desemba 1970, mchana, siku Kenya ilipokuwa ikiadhimisha mwaka wa saba wa uhuru wake. Marjorie Townsend, mhandisi Mmarekani aliyeusimamia mradi huo katika NASA, akaipa jina la Uhuru kwa heshima ya siku hiyo na ya nchi iliyowapokea. Jina hilo limebaki katika vitabu vya unajimu, na orodha ya mwisho ya vyanzo ilivyoviona, iliyochapishwa 1978 ikiwa na vyanzo 339, bado inaanza kila namba kwa alama 4U.

Uhuru ilikuwa setilaiti ndogo, kilo zipatazo 140. Ilijizungusha taratibu, mzunguko mmoja kwa dakika kumi na mbili, na kila ilipojizungusha vipimo vyake vilifagia ukanda mmoja wa anga. Kesho yake ilirudia. Hilo la kurudia ndilo lililokuwa jipya. Ilifanya kazi hadi Machi 1973, na kwa mara ya kwanza binadamu aliweza kulinganisha chanzo kilekile cha eksirei leo, wiki ijayo na mwaka ujao.

Iligundulika upesi kwamba anga la eksirei halitulii. Chanzo kiitwacho Cygnus X-1, kilicho ndani ya galaksi yetu, kilionekana kikizidi na kupungua kwa muda usiofika sekunde moja. Katika orodha ya Uhuru zilikuwemo pia galaksi za nje, na miongoni mwao zile zenye kitovu king'avu kupita kiasi ambazo Carl Seyfert alizieleza mwaka 1943. Moja inaitwa NGC 4151, na nuru yake husafiri kama miaka milioni 50 kutufikia. Katika orodha hiyo ilikuwemo pia 3C 273, ile kwasa, yaani kitovu king'avu mno cha galaksi ya mbali, ambayo Maarten Schmidt aliipimia umbali mwaka 1963 akakuta iko miaka ya nuru zaidi ya bilioni mbili kutoka kwetu, ilhali inang'aa zaidi ya mara mia kuliko galaksi yetu nzima. Hiyo 3C 273 hupita karibu utosini mwa Rulenge. Katika usiku wa Mei, mawingu yakitawanyika, nawaonyesha wanafunzi upande ilipo ingawa jicho tupu halitaiona.

Msichana mmoja wa kidato cha nne aliniuliza swali ambalo nadhani ndilo swali lenyewe la somo hili: "Mwalimu, kama kitu kiko mbali hivyo na hata kwa darubini ni nukta tu, tunajuaje ukubwa wake?"

Nilimjibu kwa madebe. Niliwapanga wanafunzi kando ya barabara kwa urefu wa nusu kilomita, kila mmoja na debe tupu na fimbo, na mwenzao mmoja akashika kitambaa chekundu mahali pa juu ambapo wote wanamwona. Amri ilikuwa moja: kitambaa kikishuka, kila mtu apige mara moja tu. Huyo aliyeuliza nilimsimamisha mwisho wa mstari. Kitambaa kikashuka, wote wakapiga kwa pamoja, lakini yeye hakusikia pigo moja. Alisikia mlio mrefu uliodumu kama sekunde moja na nusu, maana sauti huenda mita 340 hivi kwa sekunde na ya debe la mbali ilichelewa. Nikawakusanya wote mahali pamoja, kitambaa kikashuka tena, safari hii akasikia pigo moja kali. Nikamwambia: ungekuwa umefumbwa macho, pigo hilo fupi lingekuambia kwamba wapigaji wamesimama karibukaribu, na mlio mrefu ungekuacha na shaka.

Nuru nayo ina kasi yake, kilomita 300,000 kwa sekunde. Kitu kikizidi na kupungua mwangaza wake ndani ya sekunde moja, basi sehemu inayotoa mwangaza huo haiwezi kuwa pana kupita kilomita 300,000 au zaidi kidogo. Ndivyo Cygnus X-1 ilivyojulikana kuwa kitu kidogo mno, na baada ya uzito wake kukadiriwa, ikawa ya kwanza kuhesabiwa na wengi kuwa shimo jeusi. Hoja ni hiyohiyo kwa galaksi, ila galaksi ni kubwa na mabadiliko yake yalihitaji mlinzi mvumilivu zaidi ya Uhuru.

Mlinzi huyo naye aliondokea Ngomeni. Tarehe 15 Oktoba 1974 Scout nyingine ilipaa kutoka San Marco ikibeba Ariel 5, setilaiti ya Uingereza. Kimojawapo cha vyombo vyake kilitengenezwa na watu wa Chuo Kikuu cha Leicester chini ya Ken Pounds. Miezi saba baadaye, tarehe 7 Mei 1975, ikafuata SAS-3 ya Marekani. Fikiria ufuo ule wa Ngomeni katika miaka hiyo: majahazi, nyavu zinazoanikwa, mashamba ya chumvi, na kule mbele ya mawimbi moshi mweupe unapanda mara moja au mbili kwa mwaka. Wakenya walifanya kazi kituoni, wakavusha watu na mizigo, wakapika, wakachomelea vyuma, wakalinda. Vitabu vya wanasayansi nilivyosoma vimejaa majina ya Cambridge, Leicester na Roma, na sijakuta humo jina hata moja la mtu wa Ngomeni. Naliona hilo ni pengo katika historia ya sayansi, na wazee wenye kumbukumbu hizo wanazidi kupungua.

Ariel 5 ilikaa kazini hadi 1980. Ilizirudia galaksi za Seyfert mara kwa mara, na mwaka 1978 matokeo yake yakaonyesha kwamba kutoa eksirei kwa wingi ni tabia ya ukoo wao mzima. Pia ikaonekana kwamba kadhaa miongoni mwao, NGC 4151 ikiwa mbele, hubadilika mwangaza ndani ya siku chache tu. Rudi sasa kwenye madebe. Galaksi yenye upana wa makumi ya maelfu ya miaka ya nuru inabadilika kwa siku. Nuru kwa siku moja huenda kilomita bilioni 26, ambazo ni kama mara tatu ya upana wa mzunguko wa sayari ya Neptune. Maana yake nguvu ile yote, inayoshinda nyota mabilioni zikijumlishwa, inatoka mahali padogo panapolingana na ujirani wa Jua letu. Nyota haziwezi kusongamana hapo. Kinachoweza kutoa nguvu hiyo katika nafasi finyu vile ni gesi inayotumbukia kwenye shimo jeusi lenye uzito wa mamilioni ya Jua, ikisuguana na kupashwa joto kabla ya kumezwa. Wanadharia walikuwa wameshalisema hilo tangu miaka ya 1960. Saa ya eksirei ndiyo iliyolipima.

Baada ya hapo vyombo vilirushwa kutoka kwingine, na hapa nitapita haraka. HEAO-1 ya Marekani iliruka 1977, na 1981 wachunguzi walioisoma wakasema galaksi ya NGC 6814 hubadilika kwa sekunde kama mia moja. EXOSAT ya Ulaya, 1983 hadi 1986, iliwekwa kwenye mzunguko mrefu wa saa tisini hivi ili iweze kukodolea macho galaksi moja siku nzima bila Dunia kuikinga. Ikaonekana kwamba mabadiliko hayana mpigo maalumu: yapo ya dakika, yapo ya saa, yapo ya siku, na kadiri muda unavyokuwa mrefu ndivyo mabadiliko yanavyokuwa makubwa. Mwaka 2006 Ian McHardy na wenzake wakaonyesha kwamba muda huo unafuata uzito wa shimo jeusi na wingi wa gesi linayomeza, na kwamba sheria moja inafaa kwa mashimo madogo kama Cygnus X-1 na kwa yale makubwa ya katikati ya galaksi. Hesabu hii mwanafunzi wa kidato cha tano anaiweza: ukingo wa shimo jeusi lenye uzito wa Jua milioni moja uko kilomita milioni tatu kutoka katikati, mwendo wa nuru wa sekunde kumi. Zidisha uzito mara kumi, muda nao unazidi mara kumi.

Hiyo NGC 6814 nataka niikalie kidogo, maana ndani yake mna funzo la kazi hii kuliko katika ushindi wowote. Mwishoni mwa miaka ya 1980 wachunguzi walikuta eksirei zake zinarudiarudia kila baada ya sekunde 12,000, yaani saa tatu na dakika ishirini. Msisimko ulikuwa mkubwa. Mpigo wa kudumu kutoka kitovu cha galaksi ungekuwa kama kumwona mtu anayelizunguka shimo jeusi kwa macho, na makala nyingi zikaandikwa kueleza ni nyota gani au tone gani la gesi linazunguka pale. Kisha mwaka 1993 setilaiti ya Kijerumani ROSAT, yenye uwezo wa kutofautisha vyanzo vilivyokaribiana, ikaitazama sehemu ileile. Mpigo ulitoka kwa nyota mbili zinazozungukana ndani ya galaksi yetu wenyewe, zilizotokea tu kuwa upande mmoja na NGC 6814. Vyombo vya zamani vilizichanganya. Wanasayansi waliokuwa wamejenga nadharia zao juu ya mpigo ule wakaziacha, na baadhi yao wakaendelea kuchunguza mengine. Naiheshimu sana tabia hiyo. Ningependa wanafunzi wangu waione kabla hawajaona fomula.

Mpigo wa kweli, ingawa si wa kudumu, ulipatikana baadaye: mwaka 2008 kundi la Marek Gierliński lilitangaza kwamba galaksi iitwayo RE J1034+396 ilionyesha mpigo wa kama saa moja. Na katika galaksi nyingine, IRAS 13224-3809, ROSAT ilikuwa imeona eksirei zikiongezeka mara zaidi ya hamsini kwa siku mbili tu. Sijui neno la kulieleza hilo zaidi ya kusema kwamba kitu kizito kuliko Jua mara mamilioni kinafanya hayo ndani ya muda ambao basi la Ngara linakwenda Dar es Salaam na kurudi.

Roketi ya mwisho iliondoka San Marco 1988, lakini pwani haijatoka katika kazi hii. Antena za kituo, ambacho sasa kinaitwa kwa jina la Broglio, zimeendelea kupokea data. BeppoSAX ya Italia na Uholanzi, iliyorushwa Florida mwaka 1996, ilikuwa ikimwaga vipimo vyake kila ilipopita juu ya Malindi. Swift ya mwaka 2004, NuSTAR ya mwaka 2012 na IXPE ya Desemba 2021, zote za eksirei, zimetegemea Malindi. Mzunguko wa NuSTAR umeinama nyuzi sita tu kutoka ikweta na wa IXPE karibu sifuri, kwa hiyo hupita juu ya kanda yetu zikielekea mashariki. Kutoka anga la Rulenge hadi la Malindi zinatumia kama dakika mbili na nusu. IXPE ilipoielekea NGC 4151 mwishoni mwa 2022, galaksi ambayo Uhuru na Ariel 5 ziliitazama zamani, vipimo vilivyobebwa humo vilipita juu ya migomba yetu vikaenda kupokelewa pwani.

Kenya imeanza kuchukua sehemu yake. Mkataba mpya na Italia ulitiwa saini 2016, na mwaka 2018 setilaiti ndogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi, 1KUNS-PF, ilitolewa kutoka kituo cha kimataifa cha anga. Taifa-1 ikafuata Aprili 2023. Natamani kuona Tanzania nayo ikizungumza na majirani hao juu ya vijana wa kujifunza Malindi, hasa watokao shule za pembezoni kama zetu.

Data za NuSTAR huwekwa wazi katika hazina ya NASA, na yeyote mwenye intaneti anaweza kuzichukua bila malipo. Tumeshafanya hivyo kwa galaksi ya MCG-6-30-15, ambayo inapenda kurukaruka. Kompyuta yenye uwezo ni moja tu na umeme hukatika, kwa hiyo hesabu ya miale kwa kila sekunde mia tano tunaichapa kwenye karatasi, kila kikundi kinapewa ukurasa wake, na wanaichora kwa penseli kwenye karatasi za grafu hadi mabonde na vilima vya mwangaza vinatokea. Kisha wanatafuta mteremko mkali kuliko yote, wanasoma umechukua sekunde ngapi, wanazidisha kwa kasi ya nuru, na wanapata upana ambao kitu kile hakiwezi kuuzidi. Vikundi havipatani, wanabishana mteremko upi ni wa kweli na upi ni kelele ya chombo, na nawaacha wabishane. Muhula ujao tunaichora NGC 4151.